Kitufe cha sauti kinaongea na nani?

Mtoto ndo kwanza alikuwa amelala. Nimekaa na laptopu mapajani, nikafungua tabo moja ya brauza bila kujua kama ina video ndani, ikaanza yenyewe kwa sauti ya juu kabisa, tangazo la sijui nini, jamaa anapiga kelele kama yuko uwanjani. Kidole kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha kupunguza sauti. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Nikabonyeza mara tano sita kwa hasira, spika wala haina habari na mimi.

"Baba, punguza basi!"

Mke wangu huyo. Napunguza! Nikaziba spika kwa kiganja, haikusaidia kitu, mwisho nikafunga laptopu yote, paa.

Mtoto akaamka kwa lile paa.

Sasa hii si hadithi ya mtoto, mtoto alirudi kulala baada ya nusu saa na mimi nikasamehewa kiasi. Kilichonikaa kichwani wiki kadhaa ni kitufe. Kitufe kilekile, kibodi ileile, laptopu ileile, na jana yake kilikuwa kinafanya kazi vizuri tu. Tofauti ilikuwa moja, mchana wa siku ile, kwenye Linux yangu, nilikuwa nimehama GNOME, yale mazingira ya picha yenye kila kitu, nikaingia i3, kaprogramu kepesi ka kupanga madirisha, maana hii mashine ina RAM ya 4GB na ilikuwa inahema kila nikifungua brauza.

Nilichokuwa naamini

Mi nilikuwa naamini, bila hata kujua kama naamini, kwamba kile kitufe kimeungwa na spika. Kama kile kidude cha kuzungusha cha redio za zamani, ukizungusha umegusa sauti yenyewe.

Kumbe hapana.

Ukibonyeza kupunguza sauti, keneli, yani kile kiini cha Linux, inatoa namba 114. Kuongeza ni 115, kunyamazisha ni 113. Basi. Hapo hakuna sauti iliyoguswa, ni namba tu imetajwa hewani, na kama hakuna programu iliyokaa inaisubiri, imepotea. Kwenye GNOME kulikuwa na mhudumu mdogo anaitwa `gsd-media-keys`, kazi yake ni kukaa anasikiliza vitufe vya aina hii, akisikia anaenda kupunguza sauti afu anakuchorea na kale kamstari kwenye skrini. Nimekaa na huyo bwana miaka, sikuwahi kumjua jina. Nilipohama nilimwacha huko na sikujua kama nimemwacha mtu.

Mistari ya kuomba

Jamaa yangu mmoja anatumia i3 siku nyingi. Nikamwandikia, akanitumia vipande vya faili lake la konfigi, nikakopi nikapesti bila kusoma:

`bindsym XF86AudioRaiseVolume exec amixer set Master 5%+`
`bindsym XF86AudioLowerVolume exec amixer set Master 5%-`
`bindsym XF86AudioMute exec amixer set Master toggle`

Hayo majina ya XF86 yana historia yake. XFree86 ndo ule mradi uliokuwa unatupa mazingira ya picha kwenye Linux miaka hiyo, mpaka mwaka 2004 watu wakagombana juu ya leseni mpya, wengi wakahamia X.Org na mradi wenyewe ukafifia. Jina likabaki kwenye vitufe vyetu mpaka leo. Nalipenda hili jambo, sijui kwa nini.

Nikaseti, nikairefreshi i3, nikabonyeza, sauti ikashuka. Nikapandisha, ikapanda. Raha. Kasoro ndogo tu, kila nikibonyeza mausi inageuka kile kiduara cha kusubiri inakaa hivo kama dakika nzima, hii nilikuja kujua baadaye ukiongeza `--no-startup-id` baada ya `exec` inaisha. i3 inakuwa inasubiri programu iseme "nimefika", na programu ya amri moja kama hii haisemi kitu, inafanya kazi yake inaondoka.

Nikajiona fundi.

Inanyamaza, hairudi

Kesho yake asubuhi nina mkutano wa video. Usiku nilikuwa nimenyamazisha sauti, si unaelewa, nimejifunza. Nikabonyeza kitufe cha kunyamazisha ili irudi. Mkutano umeanza, naona midomo inatembea, sisikii kitu. Nabonyeza tena. Na tena. Watu wananiambia mbona kimya, mi nawaandikia subirini kidogo, nawasha upya mashine kama mtu wa miaka tisini na kitu, narudi, dakika kumi zimeshakwenda, bado kimya.

Hii ndo iliyonisumbua wiki tatu hivi. Maana nilikuwa nimeshapata njia ya kuikwepa, nafungua programu ya sauti nabonyezabonyeza mpaka inaamka, na ukishapata njia ya kukwepa tatizo huoni haraka ya kulielewa. Nilikuwa nanyamazisha kwa kushusha hadi sifuri badala ya kitufe. Mke wangu akawa ananiangalia tu. "Si ubonyeze pale kwenye picha ya spika?" Kwenye i3 yangu hakuna picha ya spika, mama. "Sasa uliihamia ya nini?"

Swali zuri tu. Sikuwa na jibu la maana.

Nilifikiria kurudi GNOME, nisiseme uongo. Jumamosi moja nilitoka nikaingia GNOME makusudi, nikabonyeza kitufe, kikanyamaza, nikabonyeza, kikarudi. Nikakaa pale naangalia ule mstari unavyochorwa kwenye skrini. Na ndo hapo nikajiuliza kitu ambacho nilitakiwa kujiuliza tangu siku ya kwanza: huyu anayafanya haya haya ninayoyafanya mimi, amri yake ikoje tofauti na yangu? Muda wote nilikuwa natafuta mstari gani wa kupesti. Sikuwahi kuuliza mstari wangu unaenda kuongea na nani.

MM

Nikarudi i3, nikafungua `alsamixer` kwenye terminali, nikabonyeza F6 kuchagua kadi halisi ya sauti. Zinakuja zile nguzo zimesimama, Master, Headphone, Speaker na wenzake. Chini ya kila nguzo kuna kiboksi kadogo, kikiwa na OO njia iko wazi, kikiwa na MM imefungwa.

Zote OO. Nikabonyeza kitufe cha kunyamazisha kwenye kibodi.

Master ikawa MM. Sawa. Nusu sekunde hivi, Headphone nayo MM. Speaker nayo MM. Mi nimefunga mmoja, wamefungwa watatu.

Nikabonyeza tena. Master ikawa OO.

Wale wawili wakabaki MM.

Nilicheka peke yangu. Wiki tatu! Yani nafungua lango kuu kila siku nashangaa mbona watu hawatoki, kumbe milango ya vyumba imefungwa. Na aliyeifunga si mimi, ni PulseAudio. Yenyewe ndo seva ya sauti, inakaa juu ya ALSA, na ALSA ndo iliyo chini kule kwenye keneli. `amixer` yangu, amri ya ALSA hiyo, ilikuwa inampita mwenye nyumba inaenda moja kwa moja kwenye kadi, inafunga Master. PulseAudio anaona Master imefungwa, anasema ahaa, kumbe tunanyamaza, anafunga na zilizobaki kwa ukamilifu. Nikija kufungua, nafungua Master tu kwa sababu ndo nimeambiwa hiyo, na yeye hakuna aliyemwambia afungue.

Dawa yake ni kuongea na mwenye nyumba:

`pactl set-sink-mute @DEFAULT_SINK@ toggle`

Na mstari wa jamaa yangu haukuwa mbovu, ulikuwa mzee. Zamani sauti ya Linux ilikuwa OSS, ALSA ikachukua nafasi yake kwenye keneli ya 2.6, hiyo ilitoka Desemba 2003, na enzi hizo kuongea na ALSA moja kwa moja kwa `amixer` ilikuwa sahihi kabisa, hapakuwa na mtu juu yake wa kuomba ruhusa. PulseAudio ya Lennart Poettering ilianza 2004, Fedora, moja ya matoleo ya Linux, wakaiweka kama chaguo la kawaida 2007, ndo zikaja amri za `pactl`. Afu ikaja seva mpya ya sauti, PipeWire ya Wim Taymans, Fedora 34 ya mwaka 2021 ikaitanguliza, na yenyewe ina `wpctl` yake. Sasa ukitafuta msaada leo unakuta mistari ya enzi zote tatu imekaa pamoja na hakuna uliobandikwa umri. Unachukua wa juu kabisa, kwa bahati unafanya kazi nusu, na nusu ndo mbaya, bora ungekataa kabisa ungejua.

Asilimia tano si asilimia tano

Kitu kidogo hapa katikati. Nilipohama kutoka `amixer` kwenda `pactl` na hatua zilezile za asilimia 5, nikahisi kitufe kimebadilika tabia. Zamani kwenye nusu ya chini sauti ilikuwa inapotea kabisa, sasa inashuka taratibu kama inavyotakiwa. Nikadhani najidanganya.

Sikuwa najidanganya. `amixer` bila chaguo la `-M` inagawanya hatua za kadi yenyewe vipande sawa, sikio lako halina nafasi kwenye hesabu hiyo. PulseAudio inatumia kipimo cha mchemraba, ukiweka asilimia 50 ukubwa wa wimbi unakuwa moja ya nane, si nusu, kwa sababu sikio halisikii kwa mstari ulionyooka. Desibeli 18 chini, kama unapenda desibeli. Kumbe hata neno "asilimia" kila mtu ana lake.

Sinki

Hapa nakiri kosa la kwangu mwenyewe, maana nilipoandika mstari wa kuongeza sikuweka `@DEFAULT_SINK@`. Nilikuwa nimeandika:

`pactl set-sink-volume 0 +5%`

PulseAudio inaita kila mahali sauti inapotokea "sink". Mi nikawa naita sinki, na kila nikitamka naliona lile la kuoshea vyombo. Spika za laptopu zilikuwa sinki namba 0, basi nikaandika 0. Ilifanya kazi siku nne.

Siku ya tano nikachomeka hedifoni ya USB, usiku tena, nasikiliza mahojiano, mzungumzaji anaongea kwa chini. Naongeza. Hakuna kitu. Naongeza tena, nashikilia kitufe kabisa, wapi. Nikasema labda imerekodiwa hivo, nikakaza masikio mpaka mwisho, afu nikachomoa hedifoni nikalale na muziki ukiwa umeshaanza kujicheza baada ya mahojiano.

Hedifoni ilikuwa sinki nyingine. Kitufe changu muda wote kilikuwa kinaongeza ya spika, namba 0, iliyokuwa kimya haina anayeitumia. Na `pactl` haina adabu ya kusimama kwenye 100, ukiiambia ongeza inaongeza tu. Nilipochomoa, muziki ukahamia kwenye spika, na spika zilikuwa zimesubiri asilimia 140.

Sitaeleza kilichofuata nyumbani. Mtajaza wenyewe.

Hizo namba hazina uaminifu wowote, ukichomoa na kuchomeka kifaa kinapewa nyingine. `@DEFAULT_SINK@` maana yake "ile inayotumika sasa hivi, yoyote iwe", ndo unachotaka mara zote. Na baada ya hapo nikaandika kaskripti kafupi kanakoangalia kwanza sauti ilipo kabla ya kuongeza, ikifika 100 kanakaa. Leo niko PipeWire, ilikuja yenyewe na apdeti, mistari ya `pactl` ikaendelea bila kulalamika kwa sababu PipeWire inajua kuongea lugha ya PulseAudio, ila ukitaka kutumia ya kwake mwenyewe inakuwa rahisi zaidi, kikomo kipo humohumo:

`wpctl set-volume -l 1.0 @DEFAULT_AUDIO_SINK@ 5%+`

256

Kwa sasa mnaweza kuniuliza, si umalize? Nilitaka kumaliza. Lakini kwenye ile kibodi kuna kitufe cha nne, chenye picha ya maiki imekatwa mstari, na baada ya kuvifanyia kazi wenzake watatu nikaona aibu kukiacha.

Safari hii sikupesti kitu. Nikafungua `xev`, kile kidirisha cheupe kinachokuambia kila kitufe unachobonyeza X, yani ile X.Org ya mazingira ya picha, inakionaje. Nilikuwa nimeshaijua tabia yake: ukibonyeza kupunguza sauti na i3 haijakishika kitufe, inakuja

`keycode 122 (keysym 0x1008ff11, XF86AudioLowerVolume)`

na i3 ikiwa imekishika huoni hiyo, unaona dirisha linapoteza fokasi na kuipata tena kwa kufumba na kufumbua. Yani kuna mtu kakidaka njiani. Na hiyo 122 ni ile 114 ya keneli imeongezwa 8, X inaanza kuhesabu vitufe vyake kuanzia 8.

Nikabonyeza cha maiki. `xev` kimya. Hakuna namba, hakuna fokasi, hakuna lolote. Nikasema kimekufa.

Nikashuka ngazi moja, `evtest`, hii inasoma kwa keneli moja kwa moja. Nikabonyeza.

`code 248 (KEY_MICMUTE)`

Kinapiga kelele vizuri tu! Keneli inakisikia, X haikisikii. Nikakaa na hiyo namba 248 kama dakika tano naitazama. Afu nikajumlisha 8.

256.

Namba ya kitufe kwenye X inakaa kwenye baiti moja. Mwisho 255. Kitufe changu kimezidi kwa moja. Kwa moja tu, bana! Kama kingepewa 247 mi nisingejua hata kama haya mambo yapo.

Na walishalijua, bila shaka, si mimi wa kwanza kukwama hapo. Njia iliyozoeleka ni kukivalisha kitufe jina lingine huko chini, unaiambia udev, ile inayosimamia vifaa kwenye Linux, kwamba hiki kitufe ni F20, maana F20 kibodi nyingi hazina kabisa, iko wazi. F20 ni 190, jumlisha 8 unapata 198, inaingia vizuri, na kule upande wa X mpangilio wa kibodi umeshaandikwa kwamba 198 isomeke `XF86AudioMicMute`. Laptopu nyingi zinajulikana na systemd, mfumo unaowasha na kusimamia huduma za Linux, inazifanyia hivo bila kukuuliza. Yangu haikuwa kwenye orodha, nikaandika kafaili kangu kwenye `/etc/udev/hwdb.d/`, mistari miwili. Haikufanya kazi. Nikaendesha `systemd-hwdb update`, nikaendesha `udevadm trigger`, hamna. Jioni nzima. Kumbe mstari wa pili lazima uanze na nafasi moja tupu mwanzoni na mi nilikuwa nimeuandika umebana ukutani.

Nikaweka ile nafasi.

`keycode 198 (keysym 0x1008ffb2, XF86AudioMicMute)`

Nikamwita mke wangu aje aone. Akaja, akaangalia ile namba kwenye dirisha jeupe, akaniangalia mimi. "Ndo imepona?" Imepona. "Haya." Akarudi zake.

Skrini ikiwa imefungwa

Juzi nimeacha muziki unacheza, nikaenda jikoni, skrini ikajifunga yenyewe na `i3lock`. Mtoto analala chumba cha pili. Nikarudi, nikabonyeza kupunguza.

Hakuna kitu.

Ila safari hii sikubonyeza mara sita. Nikasimama pale nafikiria, 114 imetoka, sawa, X imeipata ikawa 122, sawa, lakini `i3lock` ikifunga skrini inashika kibodi nzima, lazima ishike, la sivyo nenosiri lako linaweza kudakwa na mwingine, kwa hiyo i3 haisikii kitu hata kama mistari yake iko sahihi kabisa. Kwenye Sway, ndugu yake i3, kuna `--locked` unaiweka kwenye mstari wenyewe na kitufe kinafanya kazi hata skrini ikiwa imefungwa. Mi niko i3.

Nikaandika nenosiri, polepole, kwa sababu na zile kelele za kibodi nazo zinaamsha. Nikapunguza. Nikaufunga mlango wa chumba cha mtoto kwa kidole kimoja.